Barua za Mama Kutoka Kibakwe

Siku ya tano tangu warudi kutoka Uingereza, Zablon alikuwa amekwisha kupata sababu ya nne ya kutokwenda Kibakwe. Kwanza walikuwa wamechoka. Kisha masanduku mawili yalikuwa bado yamekwama Dar es Salaam. Kisha ilimbidi aripoti ofisini haraka, kabla jina lake halijaokotwa na wale waliokuwa wakiandaa orodha ya watumishi wa kupunguzwa, maana huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne na serikali ilikuwa ikipunguza watu kama mtu anavyopalilia mahindi. Leo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao pale Nkuhungu, Dodoma, kikombe cha chai mkononi, akisema barabara ya Mpwapwa imeharibika.

"Imeharibika na nini?" Yudith, mkewe, akamuuliza. "Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne."

"Imeharibika tu. Na mabasi yenyewe ya siku hizi ni ya watu binafsi, kila mwenye bati na magurudumu anabeba abiria. Ngoja nipate gari la ofisi wiki ijayo, twende kiheshima."

Yudith alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, anakunja koti zito la rangi ya kahawia alilomnunulia mama yake. Kibakwe ni milimani, na mwezi wa sita na wa saba wazee huota moto tangu alfajiri. Lakini koti si jambo lililokuwa likimhangaisha. Lililomhangaisha lilikuwa neno moja aliloliandika kwenye barua, na alitaka akapige magoti mbele ya mama yake, amshike miguu, amwombe radhi kwa neno hilo.

Mama yake, Evelina, hakujua kusoma. Barua zake zote ziliandikwa na Methusela, mdogo wake Yudith, na zile za miezi ya kwanza zilikuwa barua za mama hasa: mvua imechelewa, mbuzi mweusi amezaa mapacha, mtoto wa fulani ameolewa na mlevi, mjukuu Erica asome kwa bidii, nyinyi mpendane. Hakuwahi kuomba kitu. Mwanamke yule alikuwa akiona haya hata kuazima chumvi. Ghafla, kuanzia mwezi wa nne, barua zikabadilika. Mama anaomba koti. Mama anaomba redio ya kaseti. Mama anaomba viatu vya raba, namba tisa. Mama anasema yule binti wa jirani aliyeko Kanada amemjengea mama yake nyumba ya bati, je, wewe?

Zablon alikuwa anasoma chuoni. Yudith alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawageuza vitandani vikongwe vya Kiingereza, anawaosha, anawalisha uji kwa kijiko. Siku moja ya mwezi wa saba alirudi kiuno kinamuuma, akakuta barua ya kuomba baiskeli. Hasira zikampanda. Akaandika palepale, hata koti hajavua: "Mama, huku siokoti hela barabarani. Naosha uchafu wa watu. Na wewe uzeeni ndiyo umeanza tamaa?" Akaitumbukiza kwenye sanduku la posta, na kabla hajafika mlangoni kwake alikuwa amekwisha kujuta.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. "Mama hajakasirika. Anasema redio imefika salama, ila betri huku ni ghali."

Basi Yudith akafunga sanduku. "Kesho Jumamosi nakwenda," akasema. "Kwa basi. Wewe utanifuata na gari lako la heshima."

Zablon akamaliza chai yake. Alikuwa na jioni nzima ya kusema, alikuwa na alfajiri yote ya kusema, na hakusema. Asubuhi alimbebea mkewe begi mpaka stendi, akamtafutia kiti cha dirishani, akampungia mkono. Mwanaume mzima, mwenye stashahada ya juu ya mipango, alimpandisha mkewe basi akijua anakompeleka.

*

Yudith alifika Kibakwe saa tisa alasiri. Njiani kutoka barabarani aliwasalimu watu, nao wakamjibu kwa mkato kisha wakamtazama nyuma. Hakushangaa sana. Hata kule Dodoma watu waliokuja kumwona walikuwa na namna ya kusema "pole" wakiwa wameinamisha macho, naye akawajibu kuwa ndege kwa kweli inachosha.

Alipolikaribia boma la kwao akasikia redio inapiga muziki. Akatabasamu. Amefungulia redio yake, bibi yule, akawaza, na alikuwa anasema hapendi kelele.

"Mama!" akaita kabla hajaingia uani. "Mama, nimekuja!"

Uani alikuwapo mama mdogo Loisi, mdogo wa mama yake, anapepeta maharage. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mama mdogo."

Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Nimeisikia ya kwanza."

"Mama yuko wapi? Nimemletea koti lake." Na Yudith, kwa furaha yake, alikuwa amekwisha kulitoa begini, amelikunjua, analining'iniza hewani kama muuza mitumba wa mnadani.

Ungo ukasimama. Loisi akaweka mikono kiunoni, akainuka taratibu. "Yudith," akasema, "umetoka huko kwa wazungu kuja kutucheza shere?"

"Shere gani?"

"Miezi saba! Miezi saba, hukumtuma hata mtu kutuletea mkono wa pole. Tulisema labda amelemewa, mtoto wa watu, yuko mbali. Tukaletewa picha yako. Kijiji kizima kiliiona picha ile! Meno nje mpaka gego la mwisho. Hebu nieleze, maana sisi washamba hatujui, ulikuwa unalamba nini?"

Wanawake wawili wa jirani walikuwa wameshakuja ukingoni mwa ua, na mmoja akaguna kumuunga mkono Loisi. Yudith alibaki ameshika koti.

"Mkono wa pole wa nani, mama mdogo?"

Loisi alitaka kumjibu kwa ukali, kisha akamtazama usoni vizuri. Jirani aliyeguna naye akaona. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyu hajui."

"Anajua," akasema Loisi, lakini sauti ilikuwa imeanza kumpotea. "Mumewe alimwandikia mjomba Bartolomayo. Alisema amemwambia."

"Sijui nini?" Yudith akapiga kelele. "Semeni!"

Loisi alimshika mikono yote miwili pamoja na koti lenyewe. "Mama yako tulimzika tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu. Alhamisi. Alilala na homa siku nne tu."

Yudith akacheka. Aibu ya kicheko kile ingemrudia miaka mingi, lakini alicheka, na akapekua begi lake kama anayetafuta tiketi. "Mama mdogo, mama ameniandikia juzi juzi! Hii hapa. Ya mwezi wa tano hii. Hii ya mwezi wa nane. Anasema betri ni ghali!" Akazimwaga barua juu ya maharage.

Wanawake wakazitazama zile karatasi bila kuzigusa. Kwenye kile chumba cha pembeni, chumba cha Methusela, redio ikazimwa.

*

Yudith alimtoa chumbani mwenyewe. Methusela alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, na miguuni alikuwa amevaa viatu vya raba vyeupe vipya, namba tisa.

"Shikamoo, dada."

"Nani alitaka redio?"

"Dada, kaa kwanza nikueleze."

"Nani alitaka redio, Methusela?"

"Shemeji ndiye aliyesema niendelee kuandika," akasema Methusela, anatazama chini. "Aliniandikia mimi peke yangu. Alisema barua zikikatika utashtuka, na ukishtuka utarudi, na ukirudi mambo yote yameharibika. Mara ya kwanza niliandika habari za mvua tu. Lakini barua tupu... inahitaji kitu cha kusema. Nikaanza kuandika vitu."

"Vitu vyako."

"Nilidhani mna uwezo."

"Ulimwombea marehemu viatu namba tisa! Mama alikuwa anavaa namba tano, na mimi mjinga nikavinunua, nikasema labda atavaa na soksi!" Alimpiga kofi, na Methusela hakulikwepa. "Na barua yangu ya mwezi wa saba? Ulimsomea nani?"

"Niliisoma mwenyewe. Nikaichana."

Mtu angesema hapo Yudith apumue, kwamba lile neno baya halikumfikia mama. Halikumpa nafuu yoyote. Alikuwa amemwandikia mama yake, na kwa miezi minne alikuwa amemlaumu moyoni, hata kazini alipomfunika blanketi kikongwe wa watu aliwahi kuwaza kwamba huyu angalau haombi kitu. Walimwacha amchukie mama yake akiwa kaburini. Alikuja kuomba radhi na hapakuwa na wa kumpa.

Alikwenda kaburini na Loisi. Lilikuwa limekwisha kutitia na kuota majani, na majani yenyewe yamekauka. Alilitazama, machozi yakakataa. Alikuwa na hasira nyingi mno, na hasira haimpishi mtu alie.

*

Gari la ofisi, lile lililokuwa lipatikane wiki ijayo, lilipatikana Jumapili asubuhi. Zablon alishuka na suti yake ya Uingereza na binti yao Erica, msichana wa miaka kumi na mitatu, na akaomba kabla ya yote aonane na wazee. Watu walipotoka kanisani walikusanyika uani kwa marehemu, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mjomba Bartolomayo, kaka yake marehemu, ndiye aliyekaa mbele. Erica alikwenda moja kwa moja akakaa mkekani ubavuni kwa mama yake.

"Ninakiri nimekosa," Zablon akaanza. Alizungumza vizuri, kama mtu aliyezoea vikao. "Lakini wazee wangu, nisikilizeni. Simu ya maandishi ilinifikia Ijumaa, mama ameshazikwa jana yake. Yudith angefika akute nini? Kaburi."

"Ningelikuta bichi," akasema Yudith.

"Angeondoka na mtoto, posho ya familia ingekatwa, mtoto angekosa mwaka wa shule, na mimi nisingeweza mtihani. Na huku nyumbani orodha zinatoka. Tuliokuwa chumba kimoja ofisini tulikuwa wanne. Watatu wamepunguzwa, mmoja sasa anauza mayai ya kuchemsha nje ya stendi. Mimi nimebaki kwa sababu ya cheti kile. Nilifanya kwa ajili yetu sote. Nilikusudia kumweleza tukifika."

Baadhi ya wanaume wakatikisa vichwa kwa kumwelewa, maana kila mmoja alikuwa na ndugu aliyerudi kijijini mwaka ule na barua ya kupunguzwa mfukoni.

"Ijumaa ile," Yudith akasema polepole. "Kwa hiyo Jumamosi yake ndipo ulipotupeleka baharini."

Aliyejibu ni Erica. "Mama, ndiyo siku ya aiskrimu? Kulikuwa na upepo, wewe ukasema nani anakula aiskrimu kwenye baridi hii. Baba akasema leo kila mtu achague anachotaka." Mtoto akamgeukia baba yake. "Na ni wewe uliyemwomba yule mzungu atupige picha. Ulisema tucheke."

Kila mtu pale alikuwa ameiona picha ile.

"Nilitaka ufurahi kidogo," Zablon akasema. "Nilijua kinachokungoja."

"Zablon, mwaka mzima kule nilikuwa na siku moja nzuri. Moja! Siku nyingine ni mvua, na masinki, na watu wasionijibu salamu. Watu wakiniuliza Ulaya kukoje, siwasimulii mengine, nawasimulia siku ile. Nimewasimulia Nkuhungu nzima. Kumbe siku yenyewe nilikuwa nasherehekea matanga ya mama yangu. Ukaituma na picha ili nao waone!"

"Picha aliiomba Methusela."

"Nawe ukatuma!"

Mjomba Bartolomayo akainua mkono. Alikuwa mzee wa haki, lakini alikuwa pia mzee mwenye njaa, na jua lilikuwa limefika utosini. Alisema kosa limeonekana na mkosaji hakukataa. Zablon atatoa mbuzi mmoja, na kwa bahati nzuri alikwisha kumnunua njiani, yuko nyuma ya gari. Methusela atamwomba dada yake radhi. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Tugange yajayo. Mume ni mumeo, na kazi ameilinda. Yaishe."

"Mjomba, shikamoo," akasema Yudith.

"Marahaba."

"Kwenu nyinyi yamepita. Kwangu mama amekufa jana. Na mbuzi huyo atakayemla ni nani? Si nyinyi wenyewe? Mimi nitakuwa nimelipwa nini, harufu?"

Wanawake wakacheka, kisha wakaona haya kucheka. Mjomba akakohoa.

"Sasa wewe unataka nini?"

"Ile barua aliyokuandikia. Unayo?"

Alikuwa nayo, kwenye mkoba ule ule alimoweka Biblia na kadi ya chama cha ushirika. Alitaka kumkabidhi Yudith, lakini Yudith alikataa kuipokea. "Mpe mwenyewe. Asome. Kwa sauti, walioko nyuma wasikie."

"Yudith, si mbele za watu," Zablon akasema.

"Mbele za watu ndipo uliponizika. Soma."

Akasoma. "'Mjomba mpendwa, shikamoo. Tumepokea kwa majonzi makubwa habari za kifo cha mama yetu mpenzi. Yudith nimemweleza taratibu, kama inavyopaswa.'" Akamtazama mkewe. "'Amelia siku tatu, hali chakula, wala hanywi maji. Majirani wanakuja kumfariji mchana kutwa.'"

"Rudia hapo."

"Yudith..."

"Rudia!" akasema Loisi kutoka mkekani, na wanawake wengine wakasema rudia, rudia, mpaka mjomba mwenyewe akatikisa kichwa kwamba arudie.

"'Amelia siku tatu,'" Zablon akasoma. "'Hali chakula, wala hanywi maji.'"

"Hayo ndiyo ninayotaka," Yudith akasema. Akavua viatu vyake, akavisukuma pembeni, akafungua kilemba. "Siku tatu umeziandika kwa jina langu, na sijalia hata moja. Naanza leo. Nitakaa hapa mlangoni kwa mama, na mwenye kutaka kuja kunipa pole aje, hata kama alikwisha kuja mwezi wa tatu. Na wewe utasimama pale njiani kwenye lango. Kila atakayeingia utamwambia aliyefariki ni nani, alifariki lini, na kwa nini mwanawe analia leo."

Wazee wakatazamana. Haikuwa desturi wanayoijua, lakini hakuna aliyepata desturi ya kuikatalia.

Zablon akainama karibu naye, akanong'ona, ingawa kwa ukimya ule kila mtu alimsikia. "Kesho saa mbili natakiwa ofisini. Unajua hilo. Kesho ndiyo wanapitia majina. Nisipoonekana siku tatu, nimekwisha. Yote niliyoyafanya yatakuwa bure."

"Basi nenda," akasema Yudith. "Gari lako lile pale. Ukienda, usirudi kunifuata."

Alikwenda kweli mpaka kwenye gari. Dereva alikuwa ameshawasha injini, amemshusha yule mbuzi na kumfunga kwenye mti. Zablon alishika kitasa cha mlango. Pale uani Erica alikuwa ameinuka nusu kwa magoti, anamtazama baba yake kama asiyemfahamu. Zablon akaachia kitasa, akasema neno na dereva, na gari likageuza na kuondoka bila yeye.

Wa kwanza kupita langoni alikuwa mzee wa kitongoji cha juu, anayeona kwa shida, aliyesikia tu kwamba kuna watu kwa Evelina. Akasimama mbele ya yule mtu wa suti, akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi. Kuna msiba? Nani tena amefariki?"

"Mama mkwe wangu," akasema Zablon. "Mama Evelina. Alifariki mwezi wa tatu. Mke wangu amejua jana."

"Jana? Kwa nini jana?"

"Nilimficha. Ni mimi niliyemficha."

Pale mlangoni Yudith aliyasikia maneno hayo, na ndipo sauti ikamtoka, ile ya kwanza, kubwa, ya kumwita mama yake kwa jina. Loisi akamkumbatia kwa nyuma wasianguke wote wawili. Wanawake wakasogeza mikeka karibu, wakaanza kulia naye.